Toleo la Sita Mlangoni: Ruta, Kamera na Umeme Ukikatika

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Leo tunazungumzia IPv6, yaani toleo la 6 la anwani za intaneti, na namna ya kulihamishia nyumbani. Kabla sijafika mbali, naomba kila mwenye simu aifungue, aingie kwenye mipangilio ya waifai, aguse jina la mtandao alioungana nao, atafute palipoandikwa anwani ya IP, ile namba inayokitambulisha kifaa chako kwenye mtandao. Tusomeane. 192.168, naam. Mama pale mbele? 192.168 naye. Kaka wa shati la bluu? Hivyo hivyo. Leo usiku mkifika Tabata, Mbezi au Kigamboni mtakuta namba za ukoo huo huo, na jirani yako anazo, na jirani wa jirani anazo. Kwa waraka wa wapanga viwango vya intaneti wa mwaka 1996, anwani hizi zimetengwa zitumike ndani kwa ndani tu. Huko nje kwenye intaneti hakuna anayezitambua. Simu yako inapotuma kitu nje, ruta, kile kisanduku kinachowagawia waifai, inafuta anwani ya simu na kupachika ya kwake, halafu inakumbuka nani aliomba nini. Kazi hiyo ndiyo inaitwa NAT.

Waliosoma bweni watanielewa haraka. Shule nzima ilikuwa na S.L.P. moja. Barua za walimu, za wanafunzi, za mpishi, zote humo humo, na mwalimu wa zamu ndiye aliyejua hii ya nani. Ilifanya kazi. Lakini mtu wa nje hakuweza kukufuata bwenini kwa anwani yako mwenyewe, kwa sababu hukuwa nayo. Toleo la 6 la itifaki ya intaneti, IPv6, linafanya kama ilivyofanyika hapa Tanzania mwaka 2022 kwenye zile anwani za makazi: kila nyumba ikapata namba yake.

Hali ya sasa imezidi hiyo ya shule. Nenda kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta yako, tazama anwani ya upande wa nje, ule unaoelekea kampuni ya intaneti. Ikianza na 100, na namba ya pili ikiwa kati ya 64 na 127, ujue kampuni nayo imekuweka nyuma ya NAT yake pamoja na wateja wengine lukuki. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Maana yake kwako ni kwamba hakuna anayeweza kuanzisha mawasiliano kutoka nje mpaka kwenye kamera yako ya getini. Kama yupo fundi aliyekudai hela ya "kufungua poti", yaani kuacha mlango wazi wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta iliyo katika hali hiyo, poti ameifungua kweli, ila imefunguka kwenye ukuta wa ndani. Ndiyo sababu kamera nyingi za siku hizi hupitisha picha kwenye seva ya kiwanda kilichozitengeneza, ng'ambo, ili wewe uliyeko Kariakoo uone geti lako la Mbezi.

Tumefikaje hapa? Anwani za toleo la 4, hizi za zamani tulizosoma kwenye simu, zina biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, na jumla yake ni 4,294,967,296, na watu duniani tumeshapita bilioni 8. Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, amesimulia mara nyingi kwamba alipokubali biti 32 mwaka 1977 aliona ni za majaribio tu. Jaribio halikuisha. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa kwa mashirika 5 ya kanda, na letu sisi Waafrika ni AFRINIC, lenye makao Mauritius. Sisi ndio tuliobaki na akiba kwa muda mrefu kuliko wengine, lakini tangu Januari 2020 kampuni ikiomba haipewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi. Kampuni yenye wateja laki mbili itazigawaje? Inawabananisha kwenye NAT, haina namna.

Toleo la 6 waraka wake ulitoka 1998 na lina biti 128. Sitawatajia namba nzima, haina faida kichwani. Chukueni hii: mtandao mmoja wa nyumbani, fundi anauandika /64, una nafasi sawa na anwani zote za intaneti ya zamani zikizidishwa kwa idadi hiyo hiyo. Hizo zote zinakaa sebuleni kwako, kwa ajili ya simu nne, televisheni na printa.

Sasa kuhama kwenyewe. Usizime la zamani. Tovuti nyingi bado zina toleo la 4 peke yake, kwa hiyo yote mawili yanakaa pamoja kwenye waya mmoja, na kifaa chenyewe kinachagua. Ugumu upo kwenye simu unayopiga kwa kampuni ya intaneti. Waulize kama wanatoa IPv6 kwa wateja wa nyumbani. Wa huduma kwa wateja huenda akakujibu uzime ruta uwashe. Mvumilie, mwombe akuunganishe na mafundi. Mafundi waulize ukubwa wa fungu watakalokupa. Jibu zuri ni /56, ambalo ndani yake zimo /64 zipatazo 256. Wakikupa /64 moja tupu utaishi, ila mtandao wa wageni au wa kamera peke yake huwezi kuutenga vizuri, kwa sababu simu za Android kwa miaka mingi zimetegemea kujitengenezea anwani ndani ya /64 kamili. Usikubali fundi akwambie ataikatakata. Swali la mwisho, na ndilo zito: je, fungu hilo ni la kudumu au linabadilika kila ruta ikiwaka? Nitalirudia.

Kampuni ikisema haina, kuna njia ya handaki: unabeba toleo la 6 ndani ya toleo la 4 mpaka kwa mtu aliye nalo. Mahandaki ya bure yanahitaji uwe na anwani halisi ya toleo la 4, kwa hiyo aliye nyuma ya NAT ya kampuni keshatoka kwenye mchezo. Na kama mdomo wa handaki uko Ulaya, pakiti, yaani kipande cha data, inayokwenda Upanga inapanda mpaka Ulaya kwanza ndipo irudi. Kwa mwanafunzi anayejifunza, sawa kabisa. Kwa nyumba yenye watoto wanaotaka katuni, mimi siishauri.

Tuseme wamekupa. Ingia kwenye ruta, washa IPv6, chagua ipokee fungu kwa DHCPv6, utaratibu wa ruta kuomba anwani kwa kampuni, hifadhi. Shika simu, tazama tena pale tulipotazama mwanzo. Utaona mstari unaoanza na fe80. Huo usikufurahishe, kila kifaa kinao hata bila intaneti. Tafuta unaoanza na 2. Kwa Afrika mara nyingi utakuwa 2c0f. Usishtuke ukikuta anwani mbili tatu kwenye simu moja. Mojawapo ni ya muda, hubadilishwa kwa kawaida kila siku, ili tovuti zisikutambue kwa mkia wa anwani yako.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Miaka yote hii NAT imewazuia wageni, ingawa haikuwekwa kwa ajili hiyo. Sasa printa yako ina anwani ambayo dunia nzima inaweza kuiita. Anayesimama mlangoni ni faiwoli ya ruta, na kanuni yake ni fupi: kilichoombwa kutoka ndani kiingie, ambacho hakikuombwa kirudishwe. Ruta nyingi nzuri huja na kanuni hiyo imeshawashwa. Lakini sehemu ya toleo la 6 mara nyingi ina ukurasa wake kwenye mipangilio, mbali na ule uliouzoea, na fundi mvivu akiona mambo hayaendi hukimbilia kuizima yote. Ifungue uione kwa macho yako.

Na wale mnaopenda kufunga kila kitu, msifunge ICMPv6, ujumbe ambao vifaa vya mtandao hupashana habari za njia. Najua wengi mlifundishwa kuzuia pingi, ule ujumbe wa kupima kama kifaa kipo. Kwenye toleo la 6, ruta zilizo njiani hazikati pakiti iliyozidi kipimo. Zinaitupa na kutuma ujumbe kwamba imezidi, ipunguze. Ujumbe huo ni ICMPv6. Ukiuzuia, dalili yake ni hii: tovuti inaanza kufunguka, kichwa cha ukurasa kinatokea, halafu kimya, duara linazunguka. Mteja atasema intaneti ni ndogo na kununua kifurushi kikubwa zaidi, na duara litaendelea kuzunguka.

Kamera sasa. Kwenye faiwoli unaruhusu anwani moja ya kamera na poti moja, basi, na nenosiri la kiwandani unalibadilisha kabla ya hapo. Ila kuna sharti ambalo wauzaji hawalisemi: simu unayotazamia nayo lazima iwe na toleo la 6 pia. Ukiwa kwenye bando la laini ambalo halina, geti hutaliona moja kwa moja, hata nyumbani ungepanga vizuri namna gani.

Nilisema nitarudi kwenye fungu linalobadilika. Fikirieni nyumba yenye ruta ukutani, bila betri, na kituo cha waifai sebuleni kilichochomekwa kwenye UPS, ile betri ya akiba, pamoja na televisheni. Umeme unakatika dakika tatu. Ruta inazima. Waifai ya sebuleni haizimi, laptopu haioni tofauti yoyote. Umeme unarudi, ruta inaomba upya, kampuni inaipa fungu jingine, nayo inalitangaza ndani. Laptopu inajitengenezea anwani mpya, lakini ile ya zamani haijaambiwa na mtu yeyote kwamba imekufa, kwa sababu ruta iliyozima haikumbuki ilichokuwa nacho. Kwa viwango vya asili anwani hiyo inaweza kuhesabiwa halali siku 30, na siku 7 za mwanzo kifaa kinaweza kuendelea kuitumia kama ile mpya. Pakiti zinatoka, majibu yanapelekwa kwenye fungu ambalo si lako tena.

Kivinjari kitakuficha tatizo: kinajaribu toleo la 6, kisipojibiwa ndani ya kitambo kama robo sekunde kinajaribu la 4. Programu nyingine hazina ujanja huo. Zinaganda. Na utaambiwa, "Nilikwambia hii IPv6 ni matatizo." Dawa ya kwanza ni kudai fungu la kudumu, duniani wataalamu wamependekeza hivyo kwa miaka. Dawa ya pili ipo mikononi mwako: kwenye ruta, punguza muda ambao anwani inazozitangaza huhesabiwa hai. Pendekezo la mwaka 2021 ni dakika 45 za kupendelewa, yaani kifaa kuitumia anwani kama chaguo la kwanza, na dakika 90 za uhalali. Dawa ya tatu ni kuiweka ruta nayo kwenye UPS, na kwa Dar es Salaam hii ningeanza na hiyo.

Naona mikono. Kaka anauliza kama kasi itaongezeka. Hapana, faiba ni ile ile. Wanaocheza michezo ya mtandaoni na wanaopigiana simu za video wanaweza kuona nafuu, kwa kuwa vifaa viwili vinafikiana bila kuzunguka kwa mpatanishi. Faili lako la sinema litashuka kama lilivyokuwa likishuka.

Mama anasema ana vyumba vya kupangisha, faiba moja, wapangaji wanane, na mmoja wao ameanza kuchapisha kwenye printa ya mwenzake. Swali zuri kuliko yote ya leo. Mama, wewe ndiye /56 ilitengenezewa. Kila chumba unakipa /64 yake, kila kimoja na VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya ruta hiyo hiyo, na jina lake la waifai, na faiwoli inazuia chumba kwa chumba. Unatumia mitandao minane, unabaki na 248. Sharti ni ruta inayoelewa VLAN na inayoweza kugawa fungu. Ile ndogo uliyoletewa na kampuni huenda haiwezi. Tukimaliza pita hapa mbele, ninazo mbili kwenye begi, nikuonyeshe ukurasa wenyewe unavyoonekana.