Helios 44-2 yenye fangasi na fokasi ngumu: tunaifungua, tunaisafisha, tunairudisha

Karibuni tena mezani, wadau wa kamera za zamani. Leo tuna Helios 44-2, lenzi ya Kirusi, milimita 58, f/2 (ndio upana wa juu wa tundu lake la mwanga), ile iliyokuwa ikija na kamera za Zenit. Hii imetoka Tukuyu, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Ilikaa ndani ya mfuko wake wa ngozi, mfuko ukakaa kabatini, fangasi wakapata makazi. Halafu ringi ya fokasi imekuwa ngumu, unaizungusha mpaka kidole kinauma. Magonjwa mawili, tunayatibu yote.

Mimi lenzi hizi nazipenda mno. Mpangilio wa vioo vyake umetokana na Biotar ya Carl Zeiss Jena ya Ujerumani, vioo sita katika makundi manne. Ukimpiga mtu picha kwa f/2 na nyuma yake kuna majani, majani yale yanafifia na kuonekana kama yanamzunguka. Mpeleke bibi harusi kwenye mashamba ya chai ya Rungwe, asimame mita tatu hivi kutoka kwako, chai iwe nyuma yake mbali kidogo, halafu utaniambia. Ndiyo maana siwezi kuona Helios inatupwa kwa sababu ya fangasi.

Haya, tuangalie. Washa tochi ya simu, ipitishe kwa ubavu, usiimulike moja kwa moja. Dogo, sogea na kamera. Sogea tena. Mnaona hizo nyuzi kama utando wa buibui, zimetoka pembeni zinaelekea katikati? Hao ndio fangasi. Kama ungekuwa ukungu mweupe uliotanda sawasawa kioo kizima, hiyo ingekuwa hadithi nyingine, mara nyingi ni mvuke wa grisi.

Vifaa. Bisibisi bapa ndogo za fundi saa. Ufunguo wa lenzi, huu wenye ncha mbili unaopanuka. Pamba, kitambaa laini cha miwani, blowa ya mkono ya kupulizia vumbi. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, waulize duka la dawa, ni ile ya kusafishia vidonda. Alkoholi ya isopropili. Ile spiriti yenye rangi iache huko huko, inaacha madoa na inakula rangi ya namba. Mafuta ya kujazia kiberiti cha gesi? Hapana, nimesema vibaya, siyo cha gesi: yale ya maji, ya viberiti vya zamani vyenye pamba ndani. Yanaondoa grisi ya zamani vizuri sana. Na sindano na kalamu ya risasi. Sindano msiidharau, leo ndiyo mkubwa wa meza.

Ringi ya mbele yenye maandishi haina pa kushika. Wengi wanaichokonoa na bisibisi, wanaikwaruza. Chukua kifuniko cha chupa kinachoingia hapo mbele, kizungushie kipande cha tyubu ya baiskeli, gundi, basi. Unabonyeza, unazungusha kinyume na saa. Imetoka. Kundi la vioo vya mbele linafuata, geuza, toka. Nyuma tunaweka ncha za ufunguo kwenye hizi nafasi mbili. Shika ufunguo kwa mikono miwili, ukiteleza unachora mstari kwenye kioo na mstari huo haufutiki. Imelegea. Imetoka.

Makundi yenyewe siyafungui zaidi. Humu kuna vioo vilivyogandishwa viwili viwili kwa gundi, ndiyo maana vioo sita vinakuwa makundi manne tu. Kwa hiyo usiloweke kitu kwenye alkoholi, alkoholi ikiingia pembeni itaila gundi ile. Lowesha pamba, si kioo.

Peroksaidi kwenye pamba, anza katikati, zunguka ukielekea nje, bila kukandamiza. Ipe dakika chache. Pamba mpya, rudia. Malizia na alkoholi kidogo na kitambaa. Tochi tena. Dogo, onyesha hapa. Utando umeondoka. Huku pembeni kumebaki kidoa, na hicho hakitoki hata ufanyeje, fangasi wameshaila ile rangi ya juu ya kioo inayopunguza mng'ao. Kiache. Kwenye picha hutakiona, labda upige ukielekea jua.

Mabapa ya diafragma, yale yanayofungua na kufunga tundu la mwanga, yapo manane, yana mafuta kidogo, mnaona yanang'aa? Kwenye lenzi nyingine ningeogopa, maana springi ingeshindwa kuyafunga kwa haraka. Helios 44-2 diafragma yake unaifunga mwenyewe kwa mkono, haina haraka. Napangusa kwa pamba yenye mafuta ya kiberiti na kuendelea. Msiyatoe mabapa. Leo siyo siku yake.

Sasa tulieni. Kama mlikuwa mnakunywa chai, wekeni kikombe chini.

Ugumu wa fokasi unatoka ndani ya mwili wa lenzi, kwenye nyuzi. Kuna mabomba ya chuma yaliyoingiana kwa nyuzi nene, ukizungusha ringi lenzi inatoka au inaingia. Grisi ya kati yake imezeeka, na baridi yetu ya Juni na Julai inaifanya iwe ngumu zaidi. Dawa ni kuyaachanisha, kuosha, kupaka mpya. Kazi ni kuyarudisha.

Nyuzi hizi si kama za nati, ambazo mlango wake, yaani pale uzi unapoanzia kuingia, ni mmoja. Hizi zina milango mingi. Ukikosea mlango, bomba linaingia vilevile, tena linaingia laini, linakudanganya kabisa kwamba umepatia. Unafunga lenzi yote, unaiweka kwenye kamera, mtu wa karibu anaonekana vizuri, mlima hauonekani. Unaanza upya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote: fokasi ipeleke mbali kabisa, kwenye ile alama ya nane iliyolala. Chukua sindano, kwaruza mstari mdogo unaopita juu ya mabomba yote kwa pamoja. Hiyo alama ya kwanza. Piga picha na simu.

Dogo, subiri, usiondoe kamera hapo. Taa imezimika. Umeme umekatika... Tutumie dirisha. Naomba radhi kwa giza, lakini hapa ndipo siruki.

Nalegeza hizi skrubu tatu ndogo kwenye ringi ya fokasi, ringi inachomoka. Skrubu ya kuzuia, hii hapa, natoa. Sasa zungusha taratibu. Taratibu. Jicho lisiondoke kwenye ule mstari. Sikiliza kwa vidole: bomba linakaribia kutoka, linaanza kucheza, na... hapo. Limeachia. USILIINUE. Shikilia papo hapo, sindano, kwaruza mstari wa pili pale yalipoachana. Picha nyingine. Sasa ndiyo uinue.

Narudia kwa aliyesogeza video mbele. Alama ya kwanza ni pale lenzi ilipokaa fokasi ya mbali. Alama ya pili ni pale nyuzi zilipoachana. Zote mbili. Bomba la pili nalo lina nyuzi zake, nalo lipe alama zake mbili. Kalamu ya wino usitumie, mafuta ya kiberiti yataifuta tukiosha. Sindano.

Kuosha ni mswaki wa zamani na mafuta ya kiberiti, dirisha wazi, jiko liwe mbali. Angalieni hii grisi, imekuwa rangi ya kahawia, ina vumbi la chuma ndani. Osha mpaka pamba itoke nyeupe.

Grisi mpya, kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele kwa kila bomba, isambaze kwa kijiti. Tumia grisi ya lenzi. Ya gari ikipata joto inatoa mafuta, yanatambaa mpaka kwenye mabapa. Na yale mafuta ya kupuliza kwenye nati zenye kutu, tafadhali, kwa lenzi hapana.

Kurudisha: alama ya pili kwa alama ya pili, bonyeza kidogo, zungusha. Ukifika mwisho, alama ya kwanza ikutane na ya kwanza. Zisipokutana, toa, jaribu mlango wa jirani. Zangu zimekutana, dogo onyesha. Zimekutana! Vioo nyuma, vioo mbele, ringi ya maandishi. Ringi ya fokasi weka, lakini skrubu tatu zile ziache legelege.

Tumetoka nje. Nilitaka kutumia mlima Loleza, huu wa hapa Mbeya, lakini wingu limeukalia. Tusubiri... Sawa, limefunguka upande wa kushoto. Adapta ya M42 (ndio aina ya nyuzi za kufungia lenzi hii), kamera, f/2, kuza picha kwenye skrini. Zungusha mpaka miti ya ukingo wa mlima ionekane kali kabisa. Hapo shika mwili wa lenzi usitikisike, zungusha ringi peke yake mpaka alama ya mbali ikae kwenye mstari wake, kaza skrubu tatu. Ringi inaenda laini, kidole kimoja kinatosha.

Wenye Nikon za DSLR, zile za kidijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, msinilaumu mlima ukiwakataa. Kwa adapta isiyo na kioo cha lenzi ndani yake, lenzi za M42 hazifiki mbali kwenye Nikon hizo, hata lenzi iwe nzima. DSLR za Canon (za EF) na kamera za mirrorless, zisizo na kioo hicho cha kuakisi, zinafika.

Ule mfuko wa ngozi nimemwambia mwenyewe asiutumie tena. Lenzi ikae kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, na pakiti za silika ndani, kuanzia Novemba mpaka mvua ziishe, na zile pakiti azibadilishe. Ufunguo kama huu wangu natengenezewa na fundi wa Sido, lile shirika la viwanda vidogo, Mwanjelwa, na ninazo za kuuza. Anayetaka aniambie lenzi yake ni ipi, nimpimie upana wa ncha.