Usikimbilie Kusakinisha Linux Upya

Habari za jioni, ndugu zangu. Mnaoshika kompyuta za watu mnaijua hali hii: umeme umekatika, umerudi, mteja anawasha Linux yake, anaandika nywila, halafu anabaki na skrini nyeusi yenye kishale cha mausi tu. Fundi mwenye haraka anachomeka flashi na kusakinisha mfumo upya, na nyaraka za mtu zinapotea. Naomba tuiache tabia hiyo. Mara nyingi mfumo ni mzima. Kilichoharibika ni faili moja dogo ndani ya folda ya mtumiaji.

Hakikisha kwanza. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwenye skrini ya maandishi, andika df -h uone kama diski imejaa, maana diski iliyojaa huleta dalili hizohizo. Kama ina nafasi, fungua mtumiaji wa majaribio na uingie kwa jina lake. Eneo-kazi (desktop) likifunguka vizuri kwake, mfumo usiuguse.

Kwa nini faili linaharibika? Mwanzoni mwa 2009, waliokuwa wakijaribu ext4, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, katika Ubuntu 9.04 (toleo la Linux) walikuta mafaili ya mipangilio ya KDE, mojawapo ya maeneo-kazi ya Linux, yana baiti 0 baada ya kompyuta kuzimika ghafla. Ext3, iliyoitangulia ext4, ilikuwa ikipeleka data kwenye diski kila baada ya sekunde 5 hivi. Ext4 ilisubiri zaidi. Programu ikishafuta yaliyomo ili iandike mapya, umeme ukakatika hapo katikati, faili linabaki tupu. Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, alisema waandishi wa programu walipaswa kuandika faili jipya pembeni, kulifikisha kwenye diski kwa fsync (wito wa kulazimisha data iandikwe diskini), ndipo walipe jina la lile la zamani. Hata hivyo aliweka kinga ndani ya ext4 yenyewe, ikatoka na kerneli (kiini cha Linux) 2.6.30. Nadhani alifanya haki, kwa sababu mtumiaji hana kosa lolote hapo. Hatari ilipungua, lakini haijaisha.

Turudi kwa mteja wetu. Ukiwa umeingia kwa jina lake kwenye skrini ya maandishi, amri ya find ~/.config -type f -size 0 itakuonyesha mafaili matupu. KDE hutumia maandishi ya kawaida. Paneli zake zimo kwenye plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc. Xfce, eneo-kazi jingine, huweka mafaili ya muundo wa XML ndani ya ~/.config/xfce4/xfconf. GNOME, nayo ni eneo-kazi, imekusanya karibu mipangilio yake yote kwenye faili moja, ~/.config/dconf/user, nalo si la kuhaririwa kwa mkono. Faili unalolishuku usilifute. Mtumiaji akiwa ametoka kwenye eneo-kazi, libadilishe jina kwa amri ya mv. Akiingia tena, eneo-kazi litajitengenezea jingine.

Na kwa wenye GNOME, kabla hamjarudisha mashine kwa mwenyewe, andikeni dconf dump / > mipangilio.txt na mumwachie nakala kwenye flashi yake. Siku faili hilo likiharibika tena, dconf load / < mipangilio.txt itamrudishia mipangilio hiyo alivyoipanga.