Ubaoni Kuna Nini?

Mhadhara kwa walimu wa muziki na wa kwaya, Moshi

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Naona sura ambazo zimeshanisikia, Arusha na hapahapa Moshi. Nyie mtavumilia. Mkianza kuwafundisha muziki wanafunzi wenye ulemavu, nami nitaacha kurudia.

Sitaeleza kwa nini mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, semina zake mmekula posho. Mimi naanzia ubaoni.

Zamani nikifundisha kwaya huku Majengo nilikuwa na kijana asiyeona, mwimba besi. Wimbo mpya nauandika ubaoni kwa solfa, ile do re mi yetu, wenzake wanasoma, yeye namwambia, "Wewe kaa karibu nao, utaushika." Na aliushika. Alishika sauti zote nne. Ya tatu ikipotea, yeye ndiye anairudisha njiani. Wageni wakija natamba: "Huyu Mungu kampa kipaji!" Miaka mitatu, walimu. Miaka mitatu namsifu, na nota hata moja sijamfundisha.

Jioni moja baada ya mazoezi akabaki. "Mwalimu, hivi pale ubaoni huwa unaandika nini?" Nikamsomea: d, nukta mbili, m, mstari, s, nukta mbili. Akanyamaza. "Ni herufi?" Herufi. "Hizihizi za kuandikia barua?" Hizohizo. Akacheka, na kile kicheko nikikikumbuka mpaka leo najikuna kichwa. "Mwalimu, herufi mbona ninazo tangu darasa la kwanza!"

Akatoa kibao chake cha breli, yale maandishi ya nukta ya wasioona, na kile kijiti cha kutobolea. Karatasi hana. Nikachomoa ukutani kalenda ya mwaka uliopita, maana karatasi ya kalenda ni ngumu, nukta hazilali upesi. Mimi nasoma, yeye anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kama kibao kinavyotaka. Halafu akageuza karatasi, akaanza kupitisha kidole kutoka kushoto, huku anaimba. Besi ikapita. Alipofika sauti ya pili akasimama. "Hapa mwalimu umekosea." Kweli nilikuwa nimekosea. Watu thelathini wenye macho waliimba kosa langu wiki mbili. Siku hizi ana kwaya yake huko Kibosho, na bado ananisahihisha, sasa kwa simu.

Mkiondoka na hili tu nitaridhika: tunawaimbisha, hatuwafundishi. Asiyefundishwa nota ataimba mpaka mvi, lakini hataandika wimbo wake mwenyewe, hatapewa kwaya aiongoze, wala hatathubutu kuomba nafasi ya kusomea muziki pale Chuo Kikuu cha Makumira. Na zile sifa tunazommwagia ndizo zinatufanya tulale usingizi.

Kuna mkono umenyooshwa kule. Najua: "Darasa langu lina watoto tisini, vibao vya breli hakuna." Mama, nimekuomba kibao? Nimekuomba mdomo. Unapoandika ubaoni, tamka unachoandika. Hiyo nayo inahitaji mfadhili? Atafaidika hata yule mwenye ualbino uliyemweka mstari wa nyuma kwa kuwa ni mrefu. Ubao ule haoni, na hajakwambia kwa sababu hujamuuliza.

Na wewe baba uliyemtaja Stevie Wonder, yule mwanamuziki asiyeona wa Marekani, kwa jirani yako, nimekusikia. Kila mhadhara lazima atajwe. Mtoto anayeona, hata sauti yake iwe kama debe, unamfundisha do re mi. Asiyeona ndiye mpaka awe Stevie Wonder?

Msidhani breli ni ya vitabu na muziki umekuja kudandia. Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda cha kanisa, Paris. Kitabu alichotangazia mfumo wake mwaka 1829, akiwa na miaka 20, kilikuwa na muziki humohumo ndani. Kila alama ya breli ina nafasi ya nukta sita. Kwenye muziki, nne za juu zinakwambia ni nota gani, mbili za chini zinakwambia inakaa muda gani: robo nota inaongezewa nukta ya 6, nusu nota nukta ya 3, nota nzima zote mbili. Zisipokuwepo za chini, ni nusu ya robo. Staff yetu, ile mistari mitano ya kuandikia nota, haina werevu huo. Lakini kwa kwaya zetu solfa kwa breli ya kawaida inatosha kuanzia, msijitie hofu.

Dakika kumi? Mwenyekiti, ulisema arobaini!

Haya, viziwi. "Kiziwi na muziki wapi na wapi?" Evelyn Glennie, Mskoti, ni kiziwi tangu utotoni na kazi yake ni kupiga ngoma na marimba kwenye majukwaa makubwa duniani. Hupiga pekupeku, mtetemo aupate kwa miguu. Sakafu zetu ni zege, na zege ni kama limekufa. Pigilia mbao chache ziwe jukwaa dogo, weka ngoma juu yake, mtoto avue viatu. Halafu huyo John Curwen, Mwingereza aliyetuenezea solfa karne ya 19, alikuwa pia na ishara za mikono, kila nota na mkono wake. Tukachukua herufi, mikono tukaiacha. Irudisheni.

Kiti mwendo: ngazi. Kwaya nyingi hapa mjini zinakaa juu roshani. Shusheni kwaya. Sina zaidi.

Usonji nilikuwa na kurasa nne, na naona nitarudi nazo nyumbani. Angalau punguzeni hizo spika, na mtoto akitoka nje kupumzisha masikio msimwite mtoro.

Chai iko tayari. Vibao vyangu viko mezani, na karatasi za kalenda. Anayetaka kutoboa do-mi-so yake aje. Ila vijiti nimevihesabu, viko saba. Safari iliyopita kimoja kiliondoka na mwalimu, na namjua.