Anayekudai si Baa: Mhadhara Kuhusu Wateja na Baa Zenye Matawi Jijini Nairobi

Mabibi na mabwana, wahudumu wenzangu mlioomba ruhusa ya zamu ili mfike hapa, na nyinyi wateja mliokuja kujua kwa nini mnakasirishwa, karibuni nyote.

Nimeombwa nizungumzie zile baa zenye matawi. Ukiingia tawi la Westlands, la Barabara ya Thika au la Lang'ata, unakuta taa zilezile, viti vilevile, menyu ileile, na dijei ambaye ikifika saa nne usiku anaongeza sauti mpaka glasi zinatetemeka. Swali nililopewa ni hili: mbona wateja hawakubaliani kuhusu baa moja? Huyu anatoka akiapa kwamba hakanyagi tena pale. Yule aliyekaa meza ya pili kutoka kwake, usiku uleule, anaomba awekewe nafasi ya Jumamosi ijayo.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kila mtu na ladha yake. Mimi silikubali. Ladha inaeleza kwa nini wewe unataka rhumba na kijana wako anataka gengetone. Haielezi kwa nini mteja mmoja analetewa bili yenye bia mbili ambazo hakunywa, na mwingine anaitiwa teksi na kusindikizwa hadi mlangoni. Hapo pana utaratibu unaofanya kazi nyuma ya kaunta, na wateja wengi hawajawahi kuuona. Kwa hiyo twende nyuma ya kaunta.

Umeagiza bia mbili. Mhudumu amekuuliza, "Ya baridi ama ya moto?" Tuko Kenya, swali hilo lazima liulizwe: ya moto ni ile isiyotoka kwenye friji. Anakwenda kwenye skrini, anaingiza nambari yake ya siri, anabonyeza. Kikaratasi kinatokea upande wa kaunta, na kaunta inatoa bia mbili. Sasa sikilizeni: bia hizo zimetolewa kwa jina lake yeye, si kwa jina lako. Wewe kwenye kumbukumbu za baa ni nambari ya meza tu. Deni limeandikwa mhudumu. Alfajiri, wakati wa kufunga hesabu, keshia atamwambia: wewe umetoa bidhaa za shilingi kadhaa, leta pesa taslimu, au leta malipo ya M-Pesa yanayolingana. Ikipungua, katika baa nyingi pengo linakatwa kwenye mshahara wake.

Tufanye hesabu ya mfano. Bia ni shilingi 300. Watu sita, kila mmoja bia nne, hiyo ni 7,200. Ongeza kilo mbili za mbuzi choma na ugali, umepita 9,000. Saa nane usiku watatu wanakwenda msalani, mmoja anapokea simu nje, wawili wanasema wanawafuata wenzao. Meza imehepa. Baa haijapoteza kitu usiku ule. Aliyepoteza ni msichana wa Kayole au kijana wa Kawangware, ambaye 9,000 kwake ni sehemu kubwa sana ya mwezi.

Ukishalijua hilo, malalamiko mengi ya wateja yanaanza kueleweka. Kwa nini anasimama karibu na meza yenu kama askari jela? Kwa nini anataka mlipe kila raundi ilhali meza ya jirani imeachiwa bili wazi hadi mwisho? Ile ya jirani anaijua. Ninyi hawajui. Kwa nini saa sita usiku, katikati ya wimbo mnaoupenda, anakuja kusema, "Samahani, tunabadilisha zamu, naomba tufunge bili"? Yeye anakwenda nyumbani, na hawezi kukuachia deni lake likichezacheza.

Na ile shida ya M-Pesa. Umelipa, simu yako inaonyesha umelipa, yeye anasema ujumbe haujaingia. Unaona unaitwa mwizi. Lakini katika baa nyingi ujumbe wa malipo hauji kwenye simu yake, unakwenda kwa keshia au kwa meneja, na keshia ana foleni ya wahudumu wanane wanaouliza jambo hilohilo. Kusoma ujumbe kwenye simu ya mteja hakumtoshi, kwa sababu ujumbe wa kughushi upo, na akidanganywa atakayelipa ni yeye. Basi unasimamishwa mlangoni, baunsa anatazama, wenzako wameshaingia kwenye gari. Dakika tano za namna hiyo zinafuta saa tano za raha.

Kwa hiyo unapohukumu tawi zima, kwa kweli umemkuta mtu mmoja aliyebeba duka lake dogo ndani ya duka kubwa. Baa yenye wahudumu thelathini ina maduka thelathini. Kuna aliyezoea, ana wateja wake, anakumbuka kwamba wewe unakunywa ya moto na mkeo anataka maji ya uvuguvugu. Na kuna aliyeajiriwa wiki iliyopita, ambaye Ijumaa ya kwanza amehepwa, na leo wewe ndiye unayelipia hofu yake. Taa ni zilezile. Menyu ni ileile.

Msidhani jambo hili lililetwa na skrini. Nairobi ina historia ndefu ya kumtilia shaka mnywaji. Mapema miaka ya 1920 halmashauri ya mji, ya wakoloni, ilijipa ukiritimba wa kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji kwa Waafrika, ikafungua ukumbi wake Pumwani. Mfumo ulikuwa umeigwa kutoka Durban, Afrika Kusini. Mama aliyepika busaa nyumbani alikamatwa, halafu halmashauri ikauza yake, na mapato yakaingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika: yaani ulijengewa huduma kwa pesa za ulevi wako mwenyewe. Bia ya chupa ilikuwa imeshaanza kutengenezwa Ruaraka tangu 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa kisheria mpaka 1947. Mteja wa namna hiyo hana pa kulalamikia. Anapewa, analipa, anaondoka.

Baada ya uhuru baa zikawa zetu, lakini tazameni kaunta za mitaani hadi leo: vyuma kutoka meza ya kaunta hadi dari, na tundu la kupitisha chupa na pesa. Hapo masharti hayana siri. Pesa kwanza, chupa baadaye. Hizi baa zenye matawi zilipokuja zikaondoa vyuma, zikaweka sofa, maua na taa za rangi, mteja akajisikia mgeni wa heshima. Ila lile tundu halikuondoka. Lilivaa aproni, likapewa jina kifuani, likaja kukuuliza unatumia nini.

Sasa nizungumze kuhusu chupa, maana hapa ndipo wazee na vijana wanapogombana.

Katika baa za zamani, chupa tupu hazikuondolewa mezani. Zilibaki pale, zimejipanga, na mwisho wa jioni mhudumu na wateja walihesabu pamoja kwa kidole. Wengine waliweka vifuniko kwenye kisahani. Ulikuwa ushahidi wa pande zote mbili. Mlevi hakuweza kukana, na mhudumu hakuweza kuongeza. Tawi la kisasa halitaki hilo. Linataka meza safi, kwa sababu meza safi inapendeza kwenye picha. Chupa ikiisha inanyakuliwa kabla hujaweka glasi chini. Wateja vijana wanaita hiyo huduma nzuri, na kwa upande mmoja ni kweli. Mzee wangu mmoja, mnywaji wa siku nyingi wa Kenyatta Market, anaiita kuficha maiti.

(Kicheko.)

Cheka, lakini ana hoja. Ushahidi ukiondolewa mezani unabaki kwenye skrini, na skrini iko upande wao. Sisemi kila bili yenye nyongeza ni wizi. Mara nyingi mhudumu ana meza tisa, muziki unapiga, umeagiza kwa ishara ya vidole, naye ameingiza raundi yenu kwenye meza ya jirani. Yupo pia anayeongeza makusudi, akijua kwamba saa tisa usiku hamtahesabu, au akijaribu kuziba pengo la meza iliyomhepa. Wahudumu mliomo humu mnajua ninachosema, na naona wengine mmeinamisha vichwa. Aliyehepwa na meza ya kumi na mbili anajilipa kwa meza ya nne. Mteja wa meza ya nne anakwenda kuwaambia watu kwamba baa ile ni ya wezi, na hajakosea.

Halafu kuna karatasi. Kile kikaratasi anachokuletea kwenye kibao ni bili, si risiti. Risiti ya kodi ina msimbo wa kuskani wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Iombe. Baa inayokasirika ukiomba risiti imekwambia mengi kuhusu hesabu zake.

Mlangoni nitapita haraka. Baadhi ya baa bado zinamzuia mwanamke aliyekuja peke yake, kana kwamba mwanamke bila mwanamume ni bidhaa. Huo ni ushamba, hata ukivaa suti nyeusi na kifaa cha sikioni. Na hapohapo, ni wanawake hao ambao mara nyingi huniambia wanazipenda baa hizi kuliko za mtaani: vyoo ni safi, maegesho yana mwanga, na kuna mtu wa kumwambia "yule bwana ananisumbua" akamsogeza. Mambo yote mawili ni kweli kwa jina lilelile lililoandikwa juu ya mlango.

Kuna suala la mchele. Wageni wa mji wasidhani nazungumzia pilau: hapa Nairobi kuwekewa mchele ni kutiliwa dawa kwenye kinywaji, uamke kesho huna simu, huna pesa, na akaunti imefagiliwa. Mtu wa kwanza anayeweza kuliona jambo hilo ni mhudumu, kwa sababu yeye ndiye anayetazama meza. Lakini umemfundisha atazame nini? Ukimfanya mdai, atatazama mfuko wa mteja. Bili ikishalipwa, mteja akidondosha kichwa mezani, roho ya mhudumu imetulia, deni limeisha. Sisemi hivyo kwa kuwatukana wenzangu. Ndivyo utaratibu ulivyowapanga.

Na picha. Siku ya kuzaliwa ya mtu, wahudumu wanakuja na fataki na mabango, kamera ya baa inafuata, asubuhi sura yako iko mtandaoni ikitangaza biashara. Wako wanaofurahi, wako walioaga nyumbani kwamba wana mkutano. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Barabara ya Ngong faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Sheria hiyo ni ya 2019, na bado nakutana na mameneja wanaoiona kama uvumi.

Wenye baa huniuliza: sasa unataka tufanye nini? Ninawaambia deni liwe la nyumba, yaani la baa yenyewe. Meneja mmoja alinijibu kwamba nyumba ikibeba deni, wahudumu watapanga na marafiki zao: kuleni, kunyweni, muhepe. Hoja hiyo nzito siidharau, kwa sababu imewahi kutokea. Lakini dawa yake ipo. Mhudumu akimjulisha msimamizi mapema kwamba meza fulani ina dalili mbaya, hasara ibebwe na nyumba. Asipojulisha, mjadiliane naye. Kwa njia hiyo msimamizi anatoka kwenye kiti chake karibu na dijei na kuanza kutazama meza, kazi ambayo ndiyo anayolipwa. Na kila raundi ije na kikaratasi chake, kibaki mezani chini ya kisahani, kama zamani vifuniko vilivyobaki. Mashine ya kutoa karatasi mnayo tayari. Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayoilipia, na sioni habari ya msingi kuliko kujua umekunywa ngapi kabla hujasahau.

Nanyi wateja, kuna jambo moja kuhusu bakshishi. Mnaiongeza kwenye bili, mnatuma yote kwa nambari ya Lipa na M-Pesa ya baa, mnaondoka mkijiona wakarimu. Pesa hiyo imeingia kwa mwenye baa. Katika nyumba nzuri itagawanywa mwisho wa wiki, pamoja na jikoni na mlinzi. Katika nyumba nyingine itaonekana kama ziada ya mauzo na haitatajwa tena. Ukitaka imfikie aliyekuhudumia, mpe mkononi, au umuulize ni njia gani inamfikia. Atakwambia kwa sauti ya chini, maana katika baa nyingine amekatazwa kujibu swali hilo.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Kipaza sauti kiko upande wa dirisha. Naona mameneja wawili wamesimama tayari, basi tuanze na wao.