Gogo Moja, Mabakuli Matatu: Kutoa Viini kwa Kisu Kilichopinda

Haya, tumerudi karakana. Mnaliona hilo rundo la maranda nyuma yangu? Hayo yalikuwa mabakuli mawili. Miaka yote nimekereza hivyo: naweka gogo, nakomba katikati, halafu jioni nafagia mbao nzuri kuliko niliyobakiza. Leo hatufagii: ile mbao ya katikati tunaitoa nzima, na kila kipande kinachotoka, yaani kiini, kinakuwa bakuli dogo.

Gogo langu ni bichi, kipenyo sentimita 35, kimo 14. Nje nimeshalizungusha, na nyuma nimelichongea ulimi wa sentimita 1 ili taya za mashine ya kukereza zilishike. Hiyo mnaijua, naruka. Kinga ya uso vaa.

Chombo chenyewe ni hiki: kisu kilichopinda kama mundu, kiko kwenye mkono unaozunguka mhimili, na mhimili umefungwa kwa boliti kwenye kitanda cha mashine. Sogeza kamera hapa. Ncha ni pana kuliko mwili wa kisu, ili mwili upite kwenye mfereji bila kubanwa. Mfereji unakula kama sentimita 1.

Sasa hesabu. Bakuli bichi mimi huliachia unene wa sehemu ya kumi ya kipenyo, kwa sababu likikauka litakuwa na umbo la yai. Mti husinyaa zaidi kwa kufuata duara za umri kuliko kwa kuzikatiza, kwa hiyo lazima pabaki nyama ya kulinyooshea. Hapa ni sentimita 3.5. Toa na mfereji, kiini kinabaki na kipenyo cha 26. Rudia hesabu hiyo ndani yake, unapata cha 19.

Kabla hujagusa swichi, pima unene utakaobaki kitakoni. Pima kuanzia mabegani mwa ulimi, pale unapoungana na bakuli, usipime kuanzia nchani mwake! Mimi nilipima nchani. Tena kwa tamaa nikaacha sentimita 2 tu, na moja kati ya hizo ilikuwa ulimi wenyewe. Bakuli likakauka, likapinda, nikalinyoosha, nikakata ulimi, nikaona mwanga. Nilikuwa nimekereza faneli. Ile pale ukutani, juu ya swichi. Naiacha pale makusudi.

Tunaanza na kiini kidogo. Wengi hukimbilia kikubwa, kisha wanahangaika kukifunga upya mashineni ili watoe kidogo. Ukianza na kidogo, gogo halitoki kwenye taya mpaka mwisho. Mkia wa mashine, ile sehemu inayosogea upande wa pili, ukandamize uso wa gogo, ncha ya kisu iwe usawa wa katikati, mizunguko 400 kwa dakika. Washa.

Sukuma taratibu. Sikiliza: sauti ni nzito, ya kukwaruza, na maranda yanatoka marefu, yamelowa. Kila baada ya sentimita 2 hivi rudisha kisu nje uyaondoe. Mfereji ukijaa, kisu kinabanwa, na kitakachofuata hutakipenda. Nimekumbusha kitako? Pima kitako.

Kiini kikibaki kimeshikwa na kishina cha unene wa kidole, zima. Usikate mpaka mwisho. Rudisha mkia, ingiza kabari kwenye mfereji, gonga mara moja... ah! Sikieni mlio huo. Kimetoka. Kipo mkononi, cha baridi, kinatoa maji. Jamani, hapa ndipo ninapopapenda.

Cha pili ni vilevile, ila sogeza mhimili na ufunge kisu kirefu zaidi. Katikati sasa pana shimo, mkia haufiki, kwa hiyo punguza mwendo. Tunaingia... tunaingia... ngoja. Ngoja, ngoja. Zima. Mmesikia ule mlio mwembamba? Na kamera imeona mkono ukitikisika, mimi sikuuona. Boliti ya mhimili. Tazama, naizungusha kwa vidole! Nilipousogeza mhimili sikuikaza sawasawa. Nakaza. Napima tena. Naendelea, lakini moyo haujatulia.

Kabari. Gonga. Kimetoka.

Tuone kitako cha bakuli kubwa. Nilitaka milimita 35, napata... 31. Milimita 4 zimeliwa na ile boliti. Hili litapona. Lingekuwa la sentimita 2, ningekuwa nimeanza faneli ya pili, nami ukutani nafasi imebaki moja tu.

Viini havina ulimi, vimetoka na mgongo wa mviringo. Vibane kati ya mashine na mkia, uvichongee ulimi leo leo vikiwa bado vibichi. Kisha paka nta kwenye kingo na mahali nyuzi za mti zilipokatwa kwa kukingamana, ndipo panapowahi kupasuka. Andika uzito na tarehe kwenye kitako kwa penseli, weka kivulini. Kila mwezi pima. Uzito ukiacha kushuka, rudisha mashineni umalizie.

Hili kubwa naliandika pia "31", kwa herufi kubwa.