Kalvati Lililoziba

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: barabara za misaada haziuawi na ukosefu wa fedha za kujenga. Zinauawa na maji.

Masika yaliyopita nilisimama juu ya kalvati moja, njia ya kupitishia maji chini ya barabara. Barabara ya wafadhili hiyo, haijatimiza miaka minne. Mdomo wa kalvati umejaa mchanga, migomba iliyosombwa na mifuko ya mbolea. Maji yamekosa njia, yamepenya chini ya lami. Ukikanyaga pembeni inabonyea kama godoro. Jirani hapo kuna mzee ana jembe. Nikamwuliza, "Shikamoo mzee. Mbona hamzibui?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Tulikuja na majembe, tukaambiwa barabara ina mwenyewe."

Mwenyewe ni nani? Mkandarasi kaondoka, kipindi chake cha matazamio, cha kurekebisha kasoro za kazi yake, kimekwisha. Mfadhili kafunga mradi. Halmashauri inanyoosha kidole juu, na huko juu wananyoosha chini. Ilikuwa kazi ya watu wawili, nusu siku. Sasa inataka greda, kifusi, lami mpya, na mkopo mwingine ambao wajukuu wa mzee yule watalipa!

Mwaka 1994 Benki ya Dunia iliandika kwamba dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeiepusha Afrika gharama ya dola bilioni 45 za kujenga upya, kwa muongo mmoja tu. Tumesoma, tumefunga kitabu. Kuzibua mtaro hakuna utepe wa kukata.

Atasimama mtu aseme: ugonjwa wetu ni rushwa, wewe unatuletea mitaro. Rushwa ipo, nendeni kwenye mizani ya kupimia malori usiku mkaione. Ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya lori, ikibeba mara mbili ya uzito unaoruhusiwa, lami inaumia karibu mara 16. Elfu kumi iliyoingia mfukoni pale inakula barabara ya mabilioni.

Mwingine ataniambia fedha za matengenezo zina Mfuko wa Barabara, hapa Tanzania upo tangu 1998. Upo, na tunauchangia kwa kila lita ya mafuta. Basi kila kijiji kibandikiwe ubaoni: mwaka huu kalvati lenu limetengewa kiasi gani, na nani kapewa kazi.

Zabuni naziruka, mwenyekiti ananionyesha saa. La fidia nalisema kwa sentensi moja: nyumba ikipigwa X ibomolewe kupisha barabara, mwenye nyumba alipwe kabla tingatinga halijashushwa kwenye lori.