Alfredo Binda na bahasha ya mwaka 1930

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Niliombwa nizungumzie mashujaa wa zamani wa mbio za baiskeli. Nikaona nikiwatajia majina ishirini mtakuwa mmeshayasahau kabla chai haijaja, kwa hiyo nimekuja na mtu mmoja tu: Alfredo Binda wa Italia. Tena hata huyo sitammaliza. Ninachotaka hasa ni ile bahasha aliyopewa mwaka 1930.

Binda alizaliwa mwaka 1902 Cittiglio, kijiji cha kaskazini karibu na Ziwa Maggiore. Kwao watoto walikuwa wengi na kazi ilikuwa haba, akavuka mpaka kwenda Nice, Ufaransa, akawa fundi lipu. Siku nzima yuko juu ya jukwaa na mwiko wake. Jumapili anapanda baiskeli na nduguye Primo. Mafundi mliomo humu mnajua lipu inavyomjenga mtu mgongo na mabega.

Mwaka 1924 akasikia kwamba kwenye mbio za Lombardia, atakayekuwa wa kwanza kufika kilele cha mlima Ghisallo atapewa lira 500. Akaja Italia kuifuata hela hiyo, na hakuwa na ajenda nyingine. Kilele akakifika wa kwanza, lira 500 akazipata, na mbio zenyewe akamaliza wa nne. Hapo timu ya Legnano ikamsainisha.

Sasa niwaonyeshe kupanda mlima wakati ule kulikuwaje, maana leo watu wanabonyeza kitufe tu. Gurudumu la nyuma lilikuwa na gia pande mbili: upande mmoja ya tambarare, upande wa pili ya mlima. Ukifika chini ya mlima unashuka. Unafungua zile nati zenye masikio kwa vidole, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Unachomoa gurudumu, unaligeuza, unarudisha mnyororo, unakaza, ndiyo upande tena. Aliyekuwa mbele yako ameshapotelea kwenye kona. Basi kuna waliochelewa kugeuza kusudi, wakausukuma mlima kwa gia nzito ili waokoe hizo sekunde. Miguu ya kufanya hivyo ilikuwa ya wachache, na Binda alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1925 akaingia Giro d'Italia, mbio kubwa za kuizunguka Italia zinazogawanywa kwa hatua, kila hatua safari ya siku moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza, ana miaka 22, akaichukua. Wa pili alikuwa Costante Girardengo, kipenzi cha Italia nzima, mtu aliyeshinda Giro mara mbili tayari. Watu hawakufurahi. Mwaka uliofuata Binda akaanguka hatua ya kwanza tu, akamsaidia mwenzake wa Legnano, Giovanni Brunero, kushinda. Halafu ikaja 1927. Hatua zilikuwa 15. Binda akachukua 12. Mwaka huohuo ukafanyika ubingwa wa kwanza wa dunia wa waendeshaji wa kulipwa, Nürburgring, Ujerumani. Akashinda, na Girardengo akawa wa pili tena. Giro ya 1928, yake. Ya 1929, yake, na humo ndani hatua nane mfululizo. Alipoingia Milano kumalizia, umati ukamzomea.

Nimejiuliza sana kwa nini wamzomee, maana bingwa anayeshinda sana wapo wengi wanaopendwa. Nadhani tatizo lilikuwa namna yake ya kushinda. Mfaransa mmoja, Vietto, alikuwa akisema kwamba ungeweza kumwekea Binda kikombe cha maziwa mgongoni mwanzo wa mbio, ukakikuta kimejaa mwishoni. Hatikisiki, hakunji uso. Mtu aliyesimama barabarani tangu alfajiri anataka kuona jasho, anataka kuona mtu anateseka kama yeye anavyoteseka shambani au kiwandani. Ndiyo maana Learco Guerra, aliyekuwa fundi mwashi kutoka upande wa Mantova, alipendwa kuliko yeye. Guerra alisukuma baiskeli kwa nguvu zote na ilionekana, wakamwita garimoshi.

Tuje kwenye bahasha. Giro ni mali ya gazeti, La Gazzetta dello Sport, na gazeti ni lazima liuzwe. Atalinunua nani asubuhi kama matokeo anayajua tangu jana? Waandaaji wakamwita Binda wakamwambia: mwaka huu usije. Wakampa lira 22,500, sawa na zawadi ya mshindi na za hatua kadhaa juu yake. Ni kama timu iambiwe kaeni nyumbani, kombe lenu tutawaletea. Watu husimulia kisa hiki kama sifa kwa Binda. Mimi naona ni gazeti lililokiri kwamba halikuwa likiuza ubingwa, lilikuwa likiuza wasiwasi. Na yule kijana aliyepanda Ghisallo kwa lira 500 alilipwa mara 45 ya hizo kwa kutokupanda chochote.

Giro ya mwaka huo ikachukuliwa na Luigi Marchisio, kijana wa miaka 21. Binda akaenda Tour de France, mbio kama hizo za Ufaransa, akaanguka, akapoteza zaidi ya saa nzima, kisha akashinda hatua mbili mfululizo, ya Pau na ya Luchon, halafu akajitoa. Mwezi Agosti akachukua ubingwa wa dunia mjini Liège, mbele ya Guerra. Mwaka 1932 akauchukua tena, Roma.

Giro ya tano aliipata mwaka 1933. Mwaka huo ndio kwanza ikawekwa hatua ya kila mtu peke yake dhidi ya saa, kutoka Bologna hadi Ferrara, na aliyeshinda ni yeye. Baadaye alivunjika paja, akaacha, na baada ya vita akawa kocha wa timu ya taifa, akafanikiwa kuwaweka Coppi na Bartali, mabingwa wawili wa Italia waliokuwa mahasimu, chini ya paa moja, kazi ambayo labda ilikuwa ngumu kuliko mlima wowote. Alifariki Cittiglio mwaka 1986.

Jumla ya hatua alizoshinda kwenye Giro ni 41. Rekodi hiyo ilikaa mpaka mwaka 2003, Mario Cipollini alipofikisha 42, na Cipollini akaishia hapohapo. Yaani Binda alipungukiwa hatua mbili tu rekodi iendelee kuwa yake peke yake mpaka leo tunavyozungumza. Na mwaka 1930 alikuwa na miguu mizima, ana miaka 27, na lira 22,500 mfukoni.